Ushauri wa Mwalimu Luhende

Mwalimu Luhende alifundisha Kiswahili katika shule moja ya kata upande wa Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda. Kwa kuwa alikuwa mpole, mkuu wa shule alimkabidhi pia kazi ya kuwashauri wanafunzi. Hakupewa mafunzo wala kitabu. Alipewa chumba kilichokuwa stoo na viti viwili.

Huko ndiko alikokuja msichana aitwaye Kwangu, binti wa mkulima wa pamba, alipokuwa kidato cha pili na wakati wa kuchagua mchepuo, wa sayansi au wa sanaa, umefika. Alisema anataka kuwa nesi. Bibi yake alikuwa na kisukari, na yeye ndiye aliyemchoma sindano kila asubuhi. Mwaka ule shule haikuwa na mwalimu wa fizikia wala kemia. Luhende akamshauri aachane na masomo hayo, abaki na baiolojia na masomo ya sanaa ili apate matokeo mazuri. Aliamini baiolojia ingetosha.

Katika mtihani wa kidato cha nne Kwangu alipata daraja la pili. Baba yake, mzee Mayala, alichinja mbuzi. Wiki chache baadaye binti alikwenda Musoma kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Karani aliangalia cheti, akamwambia kwamba bila kemia na fizikia maombi yake hayapokelewi.

Luhende aliposikia, alichukua baiskeli akawafuata shambani, ambako walikuwa wanachuma pamba.

"Nimekosea mimi," alisema. "Sikujua, na sikuuliza."

Mzee Mayala aliweka gunia la pamba chini. "Mwalimu, sisi tulikuwaga tunakutegemea wewe tu."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma Luhende zaidi.

Alimtafutia Kwangu mwalimu wa kemia na fizikia Bunda mjini, akamsindikiza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini Kwangu hakuwahi kushika kifaa cha maabara. Alifeli mara mbili. Mwaka wa tatu hakujiandikisha tena. Alihamia Musoma kwa shangazi yake, wakawa wanaanika dagaa Mwigobero, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga.

Tangu hapo, kila likizo Luhende alizunguka vyuo vya Musoma na Butiama akiuliza masharti ya kila kozi na kuyaandika kwenye daftari. Siku moja alipita Mwigobero. Kwangu alifuta mikono kwenye kitenge, akamwamkia vizuri.

"Mdogo wangu Sara yuko form two," alimwambia. "Mwambie yale ambayo mimi sikuambiwaga."

Luhende alimwita Sara, akamfungulia daftari lote. Sara alifikiri kwa wiki nzima, kisha akachagua sanaa. Alitaka kusomea sheria.

Luhende alimpigia Kwangu simu kumweleza. Kwangu alisogea mbali na kelele za mwalo.

"Anajua anachokiacha?"

"Anajua. Amekisoma mwenyewe."

"Basi sawa, Mwalimu. Yeye amechagua akijua," alisema Kwangu, na Luhende akamsikia akilia.