Zilizotoka Karibuni

Juu ya ukuta wa mabango dukani kwake, muuza filamu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NEW RELEASED. Maandishi yalikaa miaka bila kumsumbua mtu. Kisha kaka yake akatoka jela, akapewa kiti chini ya maandishi hayo atengeneze spika za watu, na mtaa mzima ghafla ukajua Kiingereza, kwamba released ni pia mfungwa aliyeachiwa.

"Shikamoo, Nyu Rilizdi," walimwamkia vijana waliokuja kujaziwa filamu kwenye flashi. Mmoja alimuuliza kama sehemu ya pili inakuja. Kaka alizidi kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Nyumbani alimwambia dada yake, yule muuza filamu, kwamba jina hilo likiendelea atakwenda zake, na safari hii asitafutwe. Dada alimjua, si mtu wa vitisho. Na hakuwa na ndugu mwingine.

Akanijia mimi, mpangaji wake, kwa kuwa nimezunguka nchi za watu na kurudi na lugha zao. Nikamwambia kweli: Kiingereza chenyewe kilikuwa kimepinda. Kazi iliyotoka karibuni ni new release, zikiwa nyingi ni new releases. Ile d ya mwisho haina kazi pale.

"Na nikiitoa, neno halisemi tena mtu kufunguliwa?"

"Bado linasema."

Basi tuandike Kiswahili, akasema: zilizotoka karibuni. Akayasikia maneno yake mwenyewe. Huko ndiko kubaya zaidi. Filamu hutoka, mfungwa naye hutoka.

Asubuhi akafuta, akaandika NEW RELEASES, sahihi kabisa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita akampongeza. Vijana nao wakaja, wakasoma, wakatazama kitini.

"Kumbe mko wengi, bro?"

Kaka akacheka pamoja nao. Tangu arudi hakuwa amecheka, na kicheko hicho kilimtisha dada kuliko ukimya wote. Alipomaliza akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akamwambia, "Si kosa lako, mdogo wangu," akatoka.

Dada akapanda tena juu ya stuli, akapaka rangi ukuta wote ule hadi herufi zikapotea. Alikuwa bado juu pale mteja alipofika na spika kwapani, akimuulizia fundi.

"Ametoka."

"Atarudi?"

Dada akashuka, akampa mteja kile kiti, akaenda kusimama mlangoni na brashi inayodondosha rangi.