Kijana Namba Kumi na Saba

Pélagie alijaliwa sauti ya kusomea watu fomu. Rwakabuba, msomi aliyekuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka chuo kimoja cha Mbarara kuchunguza kama gemu za kupigana risasi zinaharibu vichwa vya vijana, alimpendea hilo: hamtishi mtu, hamharakishi mtu. Akampa kazi ya kuwahoji Wakongo wenzake pale kwenye kibanda cha gemu, mmoja mmoja, kwa namba bila majina.

Namba kumi na saba alikuwa Néhémie, mdogo wake wa tumbo moja.

Miaka sita nyuma, walipofika Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kuandikishwa, Pélagie alisema baba yao alikufa kwa malaria. Uongo mtupu. Baba aliuawa mlangoni, Néhémie akitazama kutoka chini ya kitanda. Lakini waliomuua walikuwa na ndugu zao humu humu kambini, na nani angetaka ijulikane kuwa aliona sura zao? Tangu hapo akamkaririsha mdogo wake: fomu ni fomu, iwe ya chakula au ya chanjo, jibu liwe lile lile, maneno yasije yakapishana na safari ya kuhamishiwa Kanada, waliyokuwa wakiingoja, ikafa. Wengi kambini huishi hivyo, tusidanganyane.

"Ulisha kuona mutu anauliwa, na macho yako?" akasoma, bila kuinua uso.

"Hapana," Néhémie akajibu. "Sikuona kitu."

"Unalala muzuri?"

"Hapana. Na nikikasirika, napiga batu."

"Gemu unacheza siku ngapi?"

"Kila siku."

Akaandika yote.

Miezi mitatu baadaye Rwakabuba akawasomea watu matokeo katika ukumbi mmoja mjini Mbarara. Vijana walioona vita wangepata mshauri kila wiki. Wakali ambao hawakuona vita wangeambiwa wapunguze gemu, basi. Akatoa mfano wa namba kumi na saba.

"Huyu vita hakuona. Ni gemu ndio imeharibu kichwa yake."

Mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kama wana hakika. Rwakabuba akageuka.

"Pélagie ndiye alimuuliza. Simama, dada, uwaambie."

Akasimama. Alimtaka huyo mshauri kwa ajili ya Néhémie kuliko alivyoitaka Kanada. Hilo alilijua pale pale, na lilimuuma. Lakini nyuma walikaa Wakongo watatu, na hakujua ni ndugu wa nani.

"Hakuona kitu," akasema.

Wakampigia makofi kwa kazi nzuri. Aliporudi nyumbani, Néhémie alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, bamesema nini juu yangu?"

"Bamesema upunguze gemu."