Magunia Chumbani mwa Watoto

Baba mkwe wangu alipoteza akiba yake yote kule Kenya, benki aliyoitegemea ilipofunga milango asubuhi moja bila kumwambia mtu. Mume wangu alikuwa bado mtoto wa shule. Alimwona baba yake amesimama nje pamoja na wenzake, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kanisani, na tangu hapo hakuwahi kuamini pesa iliyo mahali asipoweza kuigusa.

Kwa hiyo mwaka ule bei ya mafuta ilipopanda hapa Kampala, sabuni na unga vikafuata, na wateja wa duka letu la vyombo wakawa wanauliza bei na kuondoka, usingizi ulimtoka. Taarifa ya habari aliisikiliza amesimama. Alisema matajiri hukimbilia dhahabu mambo yakiharibika, ila dhahabu ya mjini aliiogopa, maana alishasikia habari za watu waliouziwa shaba iliyosuguliwa. Siku moja akarudi kutoka soko la Kalerwe na pikapu imejaa maharagwe makavu.

"Pesa inaweza kulala na thamani, ikaamka haina," aliniambia. "Maharagwe watu watakula tu."

Sikubishana naye. Akiba ilikuwa yetu sote wawili, lakini hofu ilikuwa yake peke yake, na sikujua hofu inabishiwa vipi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili na sebule huko Kisugu. Magunia yakaingia chumba cha watoto, yakapandana hadi karibu na dari, na watoto wakahamia sebuleni. Haukupita muda mrefu, ungaunga ukaanza kumwagika sakafuni. Fukusi walikuwa wameingia. Mume wangu akanunua vidonge vya kuua wadudu wa nafaka, akavisokomeza katikati ya magunia na kufunga mlango. Muuzaji alimwambia asiufungue kwa wiki nzima. Juu ya mlango ule palikuwa na matundu ya hewa, na hakuna kati yetu aliyeyafikiria.

Kesho yake mchana nilikuwa nafua uani na jirani yangu, mke wa askari polisi kutoka kaskazini. Mwanangu mkubwa alikuwa shule, mdogo amelala sebuleni. Jirani ndiye aliyesikia kwanza kwamba mtoto anatapika. Tulipoingia, harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza ilitupiga usoni. Nilimwinua binti yangu, shingo yake ikaanguka begani kwangu.

"Mama, toa mtoto inje," jirani alisema. "Humu iko hewa mbaya."

Alisimamisha bodaboda, akapanda nyuma yangu, na njia nzima mkono wake ulishika kichwa cha mtoto.

Mume wangu alitukuta zahanati akihema. Daktari akamuuliza, "Ndani ya nyumba mmeweka nini?"

Alitazama sakafu. "Akiba," akajibu.

Ikabidi nieleze mimi. Daktari alisema sumu ile haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wangempa oksijeni na maji ya mshipani, sisi tungoje. Mume wangu alikaa ameshika unyayo wa mtoto, na nilipomwambia aende akafungue madirisha nyumbani hakunisikia. Mume wa jirani ndiye aliyeyafungua.

Binti yetu alipona. Asubuhi aliyoomba chai, baba yake alitoka nje na kukaa huko muda mrefu.

Maharagwe yaliachwa yapigwe na hewa, kisha akayauza. Bei ilikuwa imepanda sana, kama alivyosema itapanda. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote: hesabu yake ilikuwa sawa. Alileta pesa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani.

"Sasa tuiweke wapi?" aliniuliza.

Nilipakua chakula, tukala, mfuko ukiwa katikati ya sahani.