Bango Lililotazama Maji

Mtaani walimwita Mzee Rangi, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Alikuwa fundi wa mabango. Duka la dawa, kinyozi, mashine ya kusaga, "usitupe taka hapa", yote mkono wake. Miaka arobaini.

Hakujua kusoma.

Duniani aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu, naye walilala kitanda kimoja. Mteja akileta karatasi, Mzee Rangi aliitazama, akakunja uso, akasema, "Nitaipitia." Kisha akaingia nayo ndani. Mkewe alikuwa mshonaji. Alisimamisha cherehani, akanyoosha mkono.

"Lete tusikie watu wanataka nini."

Akamsomea. Mara nyingine walicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu Mzee Rangi alivuta uzi wenye chaki juu ya ubao, akaupiga, ukaacha mstari, akaanza kazi. A ilikuwa paa. O ilikuwa yai. T ilikuwa msumari. Majina hayo waliyatunga wawili, mwaka wa kwanza wa ndoa. Mkewe alitaka kumfundisha kusoma. Yeye alisema kesho.

Mkewe akafa. Kifua, siku nne, basi.

Nyumba za mtaa ule zimebanana na hazina ua. Kwa hiyo maturubai yalifungwa kwenye uwanja ulio kando ya maji, kama ilivyokuwa kwa kila aliyefiwa. Siku nyingine uwanja ni wa mpira, wa kuanika magodoro, wa kukaa tu. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mzee Rangi hakulia. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu, unakufa ganzi. Yeye ganzi ilipanda mpaka kichwani, ikakaa huko.

Mwezi wa tatu wa msiba, akaja mtu wa kampuni. Miwani myeusi, viatu vinavyong'aa, karatasi mkononi.

"Mzee, nataka bango kubwa. Maneno yawe haya haya, usiongeze usipunguze."

"Nitaipitia," akasema Mzee Rangi.

Akaingia ndani na karatasi. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Akasimama pale kidogo. Akatoka, akavuta uzi wa chaki.

Alichora siku mbili. Paa, yai, msumari. Yule wa kampuni alikuja na gari, wakalibeba mpaka uwanjani. Akaonyesha mahali kwa kidole: nyuma ya ghala bovu, ukingoni kabisa, uso wa bango uelekee majini. Mzee Rangi akachimba mashimo mawili, akashindilia mawe. Hakuuliza. Siku zile hakumuuliza mtu yeyote kitu.

Nyuma ya ghala hakuna anayepita. Bango lilikaa siku ishirini na nane likisomwa na ndege.

Siku ya ishirini na tisa, mpira ukapigwa vibaya. Kinyozi ndiye aliyekwenda kuuokota. Alirudi mbio, mpira ameuacha.

"Jamani! Uwanja unajengwa! Ghorofa kumi na mbili, na ukuta mpaka majini! Mwenye pingamizi alete ndani ya siku thelathini, na kesho ndiyo mwisho!"

Mtaa ulichemka. Mwenyekiti wao, nesi mstaafu, mama asiyependa kelele, alikwenda ofisi ya ardhi akakaa kwenye benchi mpaka afisa akakubali kuja. Kesho yake asubuhi wote walikuwa uwanjani: afisa na faili lake, yule wa kampuni na miwani yake, na mtaa mzima.

"Hatukujulishwa," akasema nesi. "Bango limefichwa. Huku ndiko tunakopumua, mwanangu. Hata misiba yetu tunaweka hapa. Ukiweka ukuta, tufe kwa zamu ndani ya vyumba?"

Watu wakacheka kidogo, kwa uchungu.

Yule wa kampuni hakuwa na wasiwasi. "Mheshimiwa, hawa walijua. Aliyeandika bango ni mwenzao, anakaa nyumba ya tatu pale. Neno kwa neno kwa mkono wake. Aliyelisimamisha ni yeye. Kama hakuwaambia, hilo ni lao wenyewe."

Macho yote yakamgeukia Mzee Rangi.

"Mzee Rangi," akasema kinyozi. Hakuwa na mzaha. "Umetuuza?"

Alikuwa amesimama karibu na mashimo ya nguzo za maturubai ya mkewe. Hayajafukiwa vizuri. Akayatazama. Akinyamaza, ataitwa msaliti, na uwanja utakwenda. Akisema, atakuwa ametoa kitu ambacho alikuwa nacho yeye na mkewe tu. Alitafuta moyoni kipi kinamuuma zaidi. Hakuna kilichouma. Basi akasema.

"Sikujua linasemaje."

"Uliliandika wewe!" akafoka yule wa kampuni.

"Sijui kuandika. Nachora."

Watu wakatazamana. Muuza mkaa akashika mdomo.

"Mzee," akasema afisa taratibu, "twende ukanisomee mstari wa kwanza tu."

Wakaenda nyuma ya ghala, wote. Mzee Rangi akalitazama bango lake. Kazi safi, rangi haijapasuka.

"Mstari wa kwanza una paa tano," akasema. "Mayai mawili. Misumari miwili. Mengine sikuyapa majina."

Afisa akasogea, akafuata herufi kwa kidole: TANGAZO KWA WAKAZI WOTE. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akafunga faili.

"Anatuchezea huyu!" akasema yule wa kampuni. "Miaka arobaini anaandika mabango!"

"Mke wangu alikuwa ananisomea," akasema Mzee Rangi. "Hayupo."

Afisa akaligeukia bango, akayageukia maji. "Tangazo la wakazi wote, na mliyemweka alisome ni nani? Samaki?" Akaandika. Bango liandikwe upya, lisimame barabarani, siku thelathini zianze upya. Mpaka hapo, hakuna jiwe kuguswa.

Watu walipiga vigelegele. Yule wa kampuni akapanda gari lake, akafunga mlango kwa nguvu. Kinyozi akabaki pembeni ya mzee, anakuna shingo.

"Kumbe lile bango langu... miaka yote nimekaa chini ya maneno usiyoyajua?"

"Mke wangu aliyajua."

"Na vile vichwa ulivyonichorea? Vyote vimefanana na shemeji yangu."

"Hivyo ni vyangu."

Jioni mwenye duka la nguo alikuja kuchukua ubao wake ambao haujaanzwa. Alisema amebadili mawazo. Hakumtazama usoni. Mzee Rangi akampa, na kopo la rangi aliloleta pia. Ndani, akavuta shuka iliyofunika cherehani ikanyooka, akaketi. Sasa kila mtu alikuwa anajua.

Siku ya tatu nesi akabisha hodi na karatasi ya afisa.

"Shemeji, nataka uandike wewe. Nimegoma kumpa mtu mwingine." Akaona cherehani, akaona shuka, akabaki mlangoni. "Nikusomee, au niache?"

Mzee Rangi aliitazama cherehani. Sauti ya nesi haikuwa ile aliyoizoea.

"Soma."

Akasoma yote, polepole, na tarehe. Mzee Rangi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akatoka nje kuvuta uzi wa chaki.

Bango lilisimama barabarani siku ya tano. Mzee Rangi aliegemea nguzo yake, chaki mikononi. Kila aliyepita alisimama, akasoma kwa sauti, akaenda kwa nesi kuandika jina kwenye orodha ya pingamizi. Mzee Rangi aliyasikia maneno yale mara nyingi sana siku ile. Jua lilipozama alikuwa ameyashika yote, na ndani hapakuwa na wa kumweleza.