Ala Iliyolainika

Mkanda wa begi langu ulikatika kwenye ngazi za stesheni, katika mji ambao sikuwahi kuukanyaga, na treni ya kuniendeleza mbele ilikuwa bado saa tano nzima. Mbeba mizigo mmoja aliniona nimekumbatia begi kama mtoto mgonjwa, akanielekeza bila hata kuulizwa.

"Nenda kwa Mama Nta," alisema. "Ila usimharakishe. Ukimharakisha anapunguza mwendo."

Chumba cha Mama Nta kilibanwa kati ya muuza vioo na muuza rangi, chembamba kiasi kwamba wateja wawili hawawezi kupishana bila kuombana radhi. Viatu vilipangwa ukutani, kila kimoja na namba ya chaki kwenye soli. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi mahali pa mkono uliovunjika. Alikuwa akiupitisha uzi mwingine kwenye donge la nta, kazi iliyompa jina.

Hakuniuliza natoka wapi. Aliutazama mkanda.

"Nani alishona hapa?"

"Fundi mmoja, mbali na hapa."

"Alikuwa na njaa. Mshono wa mtu mwenye njaa huu, unarukaruka umalizike. Kaa hapo."

Nimekaa kwenye vibanda vya mafundi wa ngozi katika miji mingi, na najua harufu yake: gundi, nta, miguu ya watu. Nisichowahi kuona ni rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake. Palikuwa na ala tatu mpya za bastola, ngozi nene ngumu, na kando yake bastola ya mti iliyochongwa vizuri hata nikarudisha kiti nyuma kidogo.

"Usiogope, hiyo inaua mchwa tu," alisema. "Shemeji yangu seremala alinichongea. Ya kweli haiingii humu, hata aje nayo mkuu wa polisi."

Seremala yule hakufanya mzaha. Bastola ya mti ilikuwa na kifyatulio cha waya, kile kichuma kinachovutwa na kidole, nacho kilikaa juu ya springi ya kalamu. Ukikigusa kinalia *tik*.

Akaniambia, huku akifumua ule mshono wa njaa, jinsi alivyoingia kwenye kazi hiyo. Mume wake ni mlinzi wa kampuni inayosindikiza magari ya benki. Alipoajiriwa alipewa mfuko wa turubai, na bibi harusi wa mwezi mmoja akaona bastola inacheza humo kama kijiko ndani ya kikombe. Hakulala vizuri. Akachuna ngozi ya kochi bovu, akamshonea ala. Walinzi wenzake wakaiona, wakaja mmoja mmoja. Sasa walinzi kumi na mmoja walikuwa wanavaa kazi ya mikono yake.

"Watu wanadhani ala ni ya kubebea," alisema. "Kubeba, hata mfuko wa sukari utabeba. Ala kazi yake ni kukifunika kifyatulio kisiguswe na kitu. Bastola haina akili ya kujua kilichoivuta ni kidole, ni funguo au ni pindo la shati. Yenyewe ikivutwa inatii."

Mumewe aliingia saa saba, akainamisha kichwa mlangoni kwa mazoea. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, sare imepigwa pasi hadi kwenye soksi. Alileta mkate na mayai ya kuchemsha kwenye karatasi. Mapumziko yake yalikuwa hadi saa kumi. Bastola ilibaki stoo ya kampuni, kiunoni alikuwa na mkanda na ala tupu.

"Karibu, mgeni," alinisalimu. "Umekubali kukaa? Angalia sana. Mimi nilikuja humu kushona kiatu, miaka ishirini na mbili iliyopita, na mpaka leo sijatoka."

"Na kiatu chenyewe kilikuwa kizima," mkewe akasema bila kuinua macho. "Alikichana mwenyewe kwa wembe. Nikaona mchano umenyooka kama rula."

"Ulijua?"

"Baba Pacha, mimi ni fundi."

Tukala. Mapacha wao walikuwa wameshakua na kuondoka nyumbani, na kila mmoja alitajwa kwa kusifiwa na mzazi mmoja na kulalamikiwa na mwingine. Hapo ndipo Baba Pacha, akimenya yai la pili, alipotoa kituko cha asubuhi.

"Leo ala yako imenigomea. Narudisha bastola, haiingii. Nikaisukuma hivi, ikaingia."

Alicheka. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ulisimama hewani mkononi mwa Mama Nta.

"Uliisukuma?"

"Kidogo tu."

"Vua mkanda."

"Mama Pacha, nakula."

"Vua."

Alivua. Ilikuwa ile ala ya kwanza, ya ngozi ya kochi, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama Nta akaibonyeza mdomo kwa kidole gumba. Mdomo ukaingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Akachovya kidole kwenye kopo la rangi nyekundu ya viatu, akaipaka kwenye ukingo wa ndani wa ala. Kisha akashika bastola ya mti, akairudisha kama mumewe alivyosema: ikakwama, akasukuma.

*Tik.*

Akaitoa. Waya wa kifyatulio ulikuwa na alama nyekundu.

Baba Pacha aliweka yai chini. Ukingo ule uliolegea ulikuwa umejikunja ukaingia mahali pa kidole, na asubuhi ile bastola ya kweli ilikuwa imejaa risasi, mdomo wake ukiangalia paja lake.

"Kwa nini imelegea hivi?" niliuliza.

Mama Nta aliivua miwani. "Mafuta," alisema. "Kila Ijumaa naipaka mafuta, akiwa anaoga. Miaka yote. Naona inapendeza, naona inakuwa laini, nasema mume wangu haumii kiunoni." Akaifuta miwani kwa kanga. "Nimeilainisha kwa mikono yangu mwenyewe."

"Sikuumia, mke wangu."

"Bado."

Baba Pacha alinyoosha mkono kuichukua ala. "Basi nipe nitaiwekea bati ndani. Hii ulinishonea tukiwa na mwezi mmoja. Siiachi."

"Huiachi. Utaitundika nyumbani, uweke soksi." Akachukua kisu, akakata vitanzi viwili vya kupitishia mkanda, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Mumewe aligeuza uso akaangalia viatu vya watu.

Akamvalisha ala mpya kutoka rafuni, akampa bastola ya mti, akamfanyia mtihani mbele yangu. Kidole kinyooke pembeni, mbali na kifyatulio. Mkono mwingine uvute shati na koti nyuma. Macho yaangalie mdomo wa ala. Polepole.

"Inabana," alilalamika.

"Ikibana uitoe, uangalie kuna nini. Usisukume tena. Kuitoa labda kuna mwizi, sawa, una haraka. Kuirudisha nani anakukimbiza?"

Alirudia mara kumi. Mara ya saba shati likanaswa na mkewe akampiga kofi dogo la mkono. Mara ya kumi akamwacha akae.

Kisha Mama Nta akazitazama ala mbili zilizobaki rafuni, na nikaona uso wake unabadilika.

"Wale wengine," alisema. "Niliwaambia wote wapake mafuta. Kila mmoja nilimpa kopo lake."

Baba Pacha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu. Saa kumi zamu inabadilika na bastola zinatoka stoo.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Wewe kaa. Wakikusikia watacheka. Watasema Mama Nta hajui kazi, na yule bosi wa zamu ana mdomo, kesho ataagiza ala za plastiki mjini."

"Aagize. Bora zisiwe laini."

"Na jina lako?"

"Kuhusu mafuta sikujua. Nitawaambia hivyohivyo." Alikuwa tayari anatia vitu kwenye sanduku: ala mbili zilizobaki, kopo la rangi nyekundu, bastola ya mti. "Nina mbili tu. Zitakazoacha alama nazikata palepale, na wenye nazo leo watalinda geti kwa rungu mpaka niwashonee."

"Watakucheka, Mama Pacha."

"Wacheke. Wakicheka wakiwa na miguu yote miwili nitafurahi."

Nilisema nitaangalia duka. Akanitazama kwa makini, kama alivyouangalia ule mkanda, akaona nafaa.

"Akija mtu, mwambie viatu ni kesho. Usimpe mtu kiatu hata akikulilia."

Mumewe alichukua sanduku. Mlangoni alijaribu tena, kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwombea mwenzake asiaibike. "Basi angalau niingie mimi kwanza, niwaandae."

"Niliwafundisha mimi," alisema Mama Nta. Akamnyang'anya sanduku, akaliweka kichwani, akatoka mbele yake kuelekea kampuni, na yeye akamfuata akihangaika kufunga vifungo vya koti.