Jina Lililomponyoka Beth Nyaguthii

Pale soko la Kwanza, kijiji cha Trans-Nzoia, Beth Nyaguthii alijulikana kwa sare za shule alizoshona, zisizofumuka hata mtoto apande miti, na kwa jicho lake. Ukimletea kitambaa, alikigeuza kwanza upande wa ndani. Mhubiri mgeni akija kanisani, Beth alitaka kujua ametoka kanisa gani na kwa nini aliondoka huko. Wanawake wenzake walimwita CID, yaani mpelelezi, kwa pembeni. Alijua, na wala jina hilo halikumuudhi.

Hakuzaliwa hivyo. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa, naye akakua akicheza na watoto wa kila kabila na kula katika nyumba yoyote njaa ilipomkuta. Jicho lilikuja ukubwani, na lililetwa kwanza na mambo ya wifi yake, Wamboi.

Wamboi alikuwa dada mdogo wa mumewe, Ngige. Alikuwa msusi hodari na mwenye maneno mengi. Mwaka wa 2005 alikuja kanisani bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akatangaza kazi za nyumbani kule Uarabuni. Aliwaambia waliojiandikisha wasitangaze safari yao mpaka wafike, maana wivu wa majirani unaweza kuharibu bahati. Ngige mwenyewe alimsindikiza dada yake hadi ofisi ya ajenti mjini Kitale. Huko alikokwenda, tajiri alichukua pasipoti yake siku ya kwanza akaifungia kabatini. Wamboi akafanya kazi katika nyumba za ndugu watatu, moja baada ya nyingine, bila mshahara, bila simu, akila makombo na kufungiwa chumbani kwa nje. Aliporudi mwishoni mwa 2007, alikuwa mwanamke mwingine. Hakusuka mtu. Hakuingia chumba chochote kabla ya kuutazama mlango wake. Alisema machache ya huko, kisha akanyamaza.

Hata kabla hajazoea kulala tena, vurugu za uchaguzi zikafika. Familia nzima ilikimbilia uwanja wa kanisa Kitale, wakakaa huko wiki nyingi. Walipothubutu kurudi, walikuta ghala la mahindi limeteketea. Asubuhi moja sufuria zao zilikutwa zimepangwa kando ya ua, safi, bila aliyezileta kujitambulisha. Beth hakujua aliyezirudisha ndiye aliyeziiba au ndiye aliyezificha zisiibwe. Tangu hapo alisalimia kila mtu na hakumwamini yeyote.

Kwa hiyo pasta alipomchagua, katikati ya mwaka wa 2009, aende Bungoma kwa mafunzo ya wiki moja ya watu wa kijijini watakaowasaidia walionusurika katika kazi za utumwa, Beth alikubali mara moja, na pasta akafurahi. Hakujua kwamba Beth alikwenda kuwapeleleza wenye mafunzo.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa si mbali na reli. Mwalimu wao aliitwa Makokha, mwenyeji wa huko huko Bungoma, mzee kidogo, mwembamba, aliyekuwa afisa wa ustawi wa jamii kabla ya kustaafu. Alizungumza kwa sauti ya chini hata walio nyuma wakalazimika kusogeza viti. Asubuhi ya kwanza aliwaambia mambo mawili. Usimuulize mtu kilichompata. Mwache achague mwenyewe kama atasema, na lini, na kwa nani. Na usimtaje jina, hata humu ukumbini, hata kwa mwenzako unayemwona mwema. Sema tu, mtu mmoja ninayemjua.

Beth alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mtu anayekataza watu kuuliza, alijiambia, ana jambo ambalo hataki liulizwe. Si hata yule mwenye viatu vya kung'aa aliwaambia wafunge midomo? Aliona pia kwamba wakati wa chai Makokha hakukaa nao. Alitoka kwenda kando ya tangi la maji, akazungumza kwa simu kwa Kibukusu, lugha ya huko, na Beth alipopita karibu akijifanya ananawa mikono, mzee alinyamaza mpaka akapita.

Chumba cha kulala alipangiwa pamoja na Nekesa, mjane kutoka Kimilili aliyekuwa na duka la mbegu. Nekesa alikuwa mkarimu, mcheshi, na alikoroma. Kaka yake alitoweka wakati wa mapigano ya Mlima Elgon na hajaonekana tena. Alisema hayo usiku wa kwanza, bila kuulizwa, kisha akazima taa. Beth alimpa pole, na bado akalala na mkoba wake chini ya mto. Alijiuliza mtu anayemwambia mgeni siri nzito hivyo anatafuta kulipwa siri gani.

Mtu mmoja tu alimpa utulivu. Aliitwa Munene, mwanamume wa makamo, nadhifu, aliyesema anawakilisha kikundi cha vijana cha Kitale. Alikaa kiti cha pili kutoka kwake, na mapumziko ya kwanza alimletea chai akamsalimu kwa Kikuyu. Alimuuliza wazazi wake walitoka upande gani wa Nyeri, na kumbe kijiji anakijua, hata kiwanda cha chai anakijua. Walikumbushana ile miezi mibaya ya vurugu, nani alilala wapi, nani alipoteza nini. Siku ya pili, Makokha alipokuwa tena kule kwenye tangi, Munene aliinama akasema kwa upole kwamba hawa watu wa huku wanawachunguza wao, na heri mtu akae na wa kwao. Wahenga walisema mkune mtu ajikunapo, na Munene alijua pa kumkuna. Beth alihisi kama amepata mwenye macho mawili kati ya vipofu.

Jioni hiyo walitembea pamoja mpaka madukani, Beth akitafuta uzi wa cherehani. Njiani Munene alimweleza habari za binamu yake aliyerudi kutoka Uarabuni akiwa haongei. Alisema hajui amsaidieje. Kila mmoja humu ana mtu wake; huyo wa kwako, akauliza, yeye huongea? Beth akamhurumia. Akamwambia kwamba wa kwake ni wifi yake, Wamboi, anakaa nao Kwanza, nyumba iliyo nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi, na kwamba ameanza kupata nguvu, maana amekubali kwenda kuandikisha taarifa kwa polisi wa Kitale waliokuwa wakiichunguza ile ofisi ya ajenti. Munene alitikisa kichwa kwa huruma. Aliuliza tu kama ameshakwenda. Beth akajibu bado, ni wiki ijayo.

Keshoye hakuna kilichotokea. Waliketi wawili wawili wakitazamana, mmoja akinyamaza na mwingine akijifunza kukaa naye bila kumsukuma aseme. Beth aliwekwa na Nekesa na akashindwa; kila Nekesa aliponyamaza, Beth aliona kama anafichwa kitu, na swali likamtoka. Makokha akamwambia ajaribu tena kesho. Beth alikasirika, akalala bila kumuaga mwenzake.

Siku iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana, simu yake ikalia. Alikuwa Ngige, akimwita kama kawaida kwa jina la mtoto wao.

"Mama Muigai, huyu mtu wa semina umemtuma wewe?"

"Mtu gani?"

"Amekuja na gari nyeupe, wako wawili. Ati ametoka kwenu huko, amebeba salamu zako. Anataka kumpeleka Wamboi kwa daktari Eldoret, na anataka waende saa hii. Ametaja jina lake vizuri kabisa."

Beth aliuliza Wamboi yuko wapi. Ngige akamwambia kwamba alitoka kwa mlango wa jikoni akaingia ndani ya mahindi mara tu aliposikia gari, na hataki kutoka hata kwa kaka yake. Ngige alikuwa amewaambia wageni hao kwamba dada yake amesafiri, lakini hawakuondoka. Walikuwa wameegesha barabarani.

Beth hakufikiri mara mbili. Alivuka ukumbi mpaka mbele alipokuwa Makokha akifuta ubao, na watu wote wakasikia alivyomwambia. Alisema alimjua tangu siku ya kwanza. Alisema simu zile za kwenye tangi hazikumpita, na kwamba amewatuma watu wamchukue mtu wake mchana kweupe, na kwamba leo ataeleza mbele ya polisi.

Makokha aliweka chini kitambaa cha kufutia. Hakupandisha sauti.

"Mama, mimi simjui mtu wako. Uliwahi kunitajia jina lake?"

Beth akatikisa kichwa kukataa.

"Ulimtajia nani?" mzee akauliza.

Ndipo akageuka kutazama kiti cha pili kutoka kwake. Kilikuwa kitupu. Mtu mmoja akasema Munene hakuonekana tangu asubuhi, alidhaniwa anaumwa.

Nekesa ndiye aliyemshika mkono akamkalisha kitini. Makokha alikwenda kwenye tangi lake la maji, mahali pekee ambapo simu ilishika vizuri na maneno yake hayakusikika ukumbini, akampigia afisa mwanamke wa Kitale aliyekuwa mmoja wa wale wachunguzi. Kumbe simu zake zote zilikuwa za watu aliowahudumia, na ndiyo maana alinyamaza mtu akipita. Kabla ya saa kupita, gari la polisi lilifika Kwanza, lakini lile gari jeupe lilikuwa limekwenda.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Beth alipofika nyumbani. Makokha na Nekesa walikuja naye, na wote wawili wakabaki mbali, karibu na zizi. Mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo. Beth alisimama pembeni ya shamba akaita jina la wifi yake mara moja, kisha akakaa chini kwenye udongo. Alikuwa amekuja na maelezo mengi. Akaona yote yalikuwa ya kujitetea.

"Wamboi, ni mimi nilimwambia yule mtu. Hakuna kosa ulilofanya."

Alitamani kumuuliza kama ameumia, kama ana kiu, kama anamsikia. Akajizuia. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wakarudi malishoni wakapita nyuma yake. Ndipo majani yakatikisika, na Wamboi akatoka, nguo imejaa vumbi la mahindi, akasimama mbali naye.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Beth alimwambia ukweli wote. Akamwonyesha wale wawili kule zizini, akamweleza ni akina nani. Akasema anaweza kubaki hapa na kaka yake, au kukaa Kitale kwa watu wa kanisa, au kwenda na yule mama Kimilili, ambako ajenti hamjui mtu. Achague mwenyewe, na akitaka kufikiri, afikiri. Wamboi alimtazama Nekesa. Kisha akamwita kwa mkono, na Nekesa akaja polepole.

"Nyumba yako inafungwa namna gani?"

"Chumba iko na komeo ndani," Nekesa akajibu. "Huko nje hakuna kitu ya kufunga. Ukitaka unaweza kuja uangalie kwanza, ukikataa nakurudisha."

Wamboi akaenda Kimilili kesho yake mapema. Aliukagua mlango, akakubali kukaa.

Isidhaniwe kwamba jicho la Beth lililala siku hiyo. Kumwacha wifi yake kwa watu wa kabila ambalo mwaka uliotangulia alikuwa analiogopa kulimkosesha usingizi. Alimpigia Nekesa simu kila jioni, akiuliza Wamboi amekula nini, ametoka na nani, aliyecheka huko nyuma ni nani. Nekesa alijibu yote kwa subira, mpaka siku moja akamwambia, "Si umuulize mwenyewe, bana? Huyu hapa." Wamboi hakutaka kuchukua simu. Ilipita muda mrefu kabla ya kuichukua.

Taarifa kwa polisi Wamboi aliitoa, afisa yule akimfuata huko huko Kimilili. Ofisi ya ajenti ilikutwa imefungwa, kibao chake kimeng'olewa ukutani. Munene hakuonekana tena upande ule. Wengine walisema yuko Nakuru, wengine Mombasa, na Beth aliamini yuko popote palipo na mkutano wa watu wenye huruma. Kesi ilifunguliwa dhidi ya mwenye ofisi baada ya wanawake wengine kujitokeza, ikaahirishwa tena na tena hata Ngige akaacha kuuliza tarehe.

Beth alirudi Bungoma kwa mafunzo yaliyofuata. Aliomba msamaha mbele ya ukumbi, kama alivyotukana mbele ya ukumbi. Makokha alimpokea, lakini hakumpa mtu wa kumtembelea mpaka mwaka ukaisha. Alimtaka aje, aketi, asikilize. Jambo hilo lilimuuma, akalimeza. Alipopewa hatimaye kazi kule Kwanza, akawa ndiye anayewakazia wenzake kuliko wote. Mgeni yeyote aliyejiunga aliulizwa ametumwa na nani, na kanisa lake likapigiwa simu. Wengine waliona anazidisha. Makokha alimwacha.

Krismasi ya mwaka uleule wa 2009 Wamboi alikuja nyumbani. Alikuwa ameanza kusuka tena, kwenye kibaraza cha duka la mbegu, na vidole vyake vilinuka mafuta ya nywele. Yeye na Beth walikaa jikoni wakipukuchua maharagwe, na Wamboi akamsimulia habari za mteja mmoja wa Kimilili asiyetulia kitini, anayetaka kusukwa huku akizozana na wachuuzi barabarani. Beth alicheka. Hakusema amesamehewa, wala Wamboi hakusema amesamehe. Jioni wifi yake alikusanya vitu vyake, akamwambia lini atarudi, na Beth akamsindikiza mpaka barabarani.