Lori Lisilotoa Moshi

Muharami dereva alikuwa na maradhi mawili: tumbo lisilopatana na maharage, na mdomo usiojua kunyamaza. Tumbo lilimsumbua njiani, kati ya Iringa na Mbeya, siku mbili za vumbi kwenda na mbili za kurudi. Mdomo ulimsumbua kila mahali.

Mwaka wa hamsini na sita alikuwa akiendesha lori la Mzee Zubery, mfanyabiashara wa mtaa wa Mlandege mjini Iringa ambaye babu zake walitoka Bagamoyo, na ambaye hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Lori lenyewe lilinunuliwa mnadani baada ya vita, likiwa limeshachoka. Lilibeba pareto, mahindi na chumvi, na abiria walikaa juu ya magunia. Madereva wengine walikuwa na malori yenye rangi na vioo vizima. Muharami hakuwa na cha kuringia ila kimoja: lori lake halikutoa moshi.

Kila asubuhi ya safari alilisimamisha mbele ya duka la Mzee Zubery, akazima injini makusudi, akawaita abiria wasogee kwenye bomba la nyuma. Kisha aliliwasha upya, akashuka na kuziba bomba kwa leso nyeupe. Leso ilitoka nyeupe vilevile.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Oili ya lori hili haiungui, haivuji, haipungui. Injini inataka mtu anayejua kukaa nayo."

Abiria walitikisa vichwa kwa heshima. Madereva wenzake walinuna, naye alifurahia manuno yao kuliko mshahara.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa hatumfichii mtu. Lori lilitoa moshi, tena wa bluu, mzito, wa kuwatoa nyuki mzingani. Ila ulio mwingi lilitoa mara moja tu kwa siku, pale lilipoamka. Matundu yanayoshika mashina ya valvu yalikuwa yamelika, na usiku kucha oili ilijipenyeza tone kwa tone hadi ndani ya silinda. Asubuhi injini iliiunguza yote kwa pamoja, na baada ya dakika chache bomba likawa safi.

Eliezeri, fundi wa Mbeya aliyekuwa na karakana kwenye njia ya Uyole, alikuwa amemweleza yote hayo miaka mitatu nyuma.

"Kaka Muharami, ringi za pistoni zako nzima kabisa," alimwambia. "Ni valvu tu. Niachie lori siku mbili, nifungue injini juu, unasahau hiyo shida."

"Ulifungue hapa barabarani, kila dereva akipita aone?"

"Aone nini? Gari zote zinafunguliwa, kaka."

"Langu halifunguliwi," alisema Muharami, akapanda akaenda zake.

Akajibunia dawa yake. Iringa huwa na baridi ya kuua betri, kwa hiyo madereva wengi walilaza magari mteremkoni ili yawake kwa kuteleza. Muharami naye alililaza hivyo, nyuma ya nyumba yake. Kabla ya adhana ya alfajiri alitoka kwa kunyata, akaachia breki, akaliacha lori liteleze kimya hadi bondeni kwenye mikaratusi. Huko ndiko alikoliwasha. Moshi aliwaachia fisi, akaongeza oili aliyochota stoo kwa Mzee Zubery, akapanda mjini na injini moto, tayari kwa mchezo wake wa leso. Mbeya nako alikuwa na bonde lake. Na njiani, lori lilipomaliza mteremko mrefu likakohoa wingu la bluu mara alipokanyaga mafuta, aliwaambia abiria kuwa hilo ni vumbi la nchi hii, ndivyo lilivyo.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha, Jumanne moja, Mzee Zubery aliingia stoo yake, akatikisa debe la oili na kulikuta tupu, wakati lilifunguliwa wiki iliyotangulia. Alitoka, akainama chini ya lori na tumbo lake lote, akachungulia. Ardhi ilikuwa kavu. Akamwita dereva wake.

"Muharami, lori linavuja?"

"Halivuji, Mzee."

"Linaunguza oili?"

Abiria wawili walikuwa wamesimama hapo, na dereva mmoja wa watu wengine, Saulo, aliyekuwa amenuna kwa miaka mitatu. Muharami alitazama leso mkononi mwake.

"Haliunguzi, Mzee."

"Basi oili yangu inakwenda wapi?"

Muharami aliikunja leso, akaitia mfukoni. Saulo alicheka kwa pua. Mzee Zubery hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi simwiti mtu mwizi," alisema. "Ijumaa baada ya sala, Maalim Selemani atanisomea albadiri. Aliyeichukua oili yangu atajulikana kwa tumbo lake."

Asiyejua albadiri na aulize. Ni kisomo cha kumwapiza mwizi, na Mlandege nzima ilikuwa na hadithi za watu waliovimba, waliopooza, waliobweka. Muharami hakuiba hata kijiko, na kwa siku nzima alijipa moyo kwa hilo. Jumatano alikutana na Maalim sokoni, akamuuliza kama mzaha tu, kisomo hicho kinamshika nani hasa.

"Aliyechukua," alisema Maalim, akichagua vitunguu. "Na anayejua kilikokwenda akanyamaza. Huyo ndiye huvimba zaidi."

Muharami alifika nyumbani, akasukuma kando sahani isiyo na hata harage moja. Mkewe, Rukia, alimtazama akikataa chakula.

"Baba Waridi, umeiba oili ya watu?"

"Sijaiba."

"Sasa unaogopa nini?"

Akamweleza yote, mteremko, mikaratusi, leso. Rukia alisikiliza bila kupepesa, kisha akaweka mwiko chini.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu unanitoka alfajiri kwa kunyata, nami najua una mwanamke bondeni. Nimeshalia, nimeshanyamaza, nimeshamlaani huyo mwanamke. Kumbe ni lori."

"Ni lori, mama Waridi."

"Afadhali angekuwa mwanamke. Ningejua la kuwaambia watu."

Alhamisi jioni Muharami alililaza lori mbele ya duka, kila mtu akiona, na funguo akampa Mzee Zubery mwenyewe. Moyo ulimuuma vibaya. Alijua kuwa kesho atakuwa ama mwizi ama mwongo, na kwamba la tatu hakuna. Alichagua kuitwa mwongo kwa sababu mwongo havimbi tumbo.

Ijumaa asubuhi, saa chache kabla ya kisomo, walifika wote kama alivyowaomba: Mzee Zubery, Maalim Selemani na kanzu yake ya kisomo, Saulo, na nusu ya Mlandege. Muharami alirudishiwa funguo, akaliachia liteleze kidogo, akaingiza gia. Lori likakohoa mara mbili, kisha likatapika. Wingu la bluu lilimmeza Saulo kwanza, likammeza Maalim pamoja na kanzu, likaingia dukani likakaa juu ya mchele. Watu walikohoa hadi wakashikana mabega.

"Oili yako hiyo, Mzee," alisema Muharami kutoka dirishani. "Yote imepitia hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa hamsini na tatu."

"Na fundi alisemaje?"

"Alitaka siku mbili tu."

Mzee Zubery alifuta macho. "Mwizi ningemwelewa," alisema. "Mwizi ana njaa. Wewe umeichoma oili yangu ili usifiwe."

"Ndiyo, Mzee."

Maalim, akikung'uta masizi kwenye kanzu, aliuliza kama pilau iliyoandaliwa kwa ajili ya kisomo italiwa hata hivyo. Ikaliwa. Muharami hakufukuzwa, aliamriwa kupeleka lori kwa Eliezeri, naye Eliezeri akalifungua barabarani mchana kweupe, madereva wakipita na kupiga honi.

Aliporudi, lori lililala tena mbele ya duka. Asubuhi abiria walikusanyika. Muharami alipanda akijua kwamba leo, kwa mara ya kwanza, anachotaka kuwaonyesha ni kweli. Alinyoosha mkono kwenye funguo.

"Subiri," alisema Mzee Zubery.

Alikwenda mbele ya lori, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Ni baridi, halijawashwa popote," aliwatangazia watu. "Haya, washa."

Liliwaka safi, bila uzi wa moshi, na watu wakashangilia. Muharami hakumtazama mtu. Mzee Zubery alifanya vivyo hivyo safari iliyofuata, na iliyofuata, hadi Muharami alipoacha kazi ya malori. Na mara zote dereva alikaa kimya, mikono kwenye usukani, akisubiri kiganja cha tajiri wake kimshuhudie.